Gemu za Zamani Zinapokwama: Maswali na Majibu

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 16, lakini Fallout: New Vegas inazimika ghafla kila nikicheza kwa muda. Tatizo ni nini?

RAM yako haina kosa. Gemu hii ya mwaka 2010 ni programu ya biti 32, na Windows huipa nafasi ya GB 2 tu hata ungekuwa na GB 64. Nafasi ikijaa, gemu inajifunga bila kutoa ujumbe wowote. Dawa yake ni programu ndogo ya kiraka, yaani ya kurekebisha gemu, iitwayo FNV 4GB Patcher: iweke kwenye folda ileile yenye FalloutNV.exe, iendeshe mara moja, kisha cheza kama kawaida. Inachofanya ni kugeuza alama moja ndani ya faili hilo ili Windows ya biti 64 iiruhusu gemu kufikia GB 4. Ikigoma kuandika, huenda gemu imesakinishwa ndani ya Program Files, mahali ambapo Windows hulinda mafaili. Ihamishie kwingine.

Kama inakwamakwama pia, sakinisha xNVSE, nyongeza ambayo viraka vingine huitegemea, kisha NVTF, ambayo hurekebisha jinsi injini inavyopima muda. Miongozo ya zamani bado inapendekeza New Vegas Stutter Remover. Achana nayo, na hasa usiichanganye na NVTF, kwani zote mbili zinashika sehemu zilezile. Na ukiwahi kuiambia Steam ihakiki mafaili, FalloutNV.exe ya asili itarudi, kwa hiyo kiraka utakiweka upya.

Kadi yangu ya michoro ni mpya kabisa. Mbona GTA IV inasuasua?

Kwa sababu kadi yenyewe inakaa bure ikisubiri prosesa. GTA IV hutuma amri nyingi sana za kuchora kupitia Direct3D 9, mfumo wa Windows wa kuchora picha, na mzigo wa amri hizo unaiangukia prosesa. DXVK, programu ya kutafsiri amri, huzigeuza kuwa za Vulkan, mfumo mwingine wa kuchora ambao mara nyingi huzibeba kwa wepesi zaidi. Pakua DXVK, fungua folda ya x32, nakili d3d9.dll pekee, iweke kando ya GTAIV.exe. Matoleo ya 2.0 na kuendelea yanadai Vulkan 1.3, kadi ya zamani isiyoifikia itumie 1.10.3. Dakika za mwanzo utaona mikwamo midogo wakati sheda (programu ndogo za kuchora mwanga na rangi) zinaandaliwa. Hiyo ni kawaida, usikimbilie kufuta.

Ila fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zikishapanda, zifunge kwenye 60. Na katika misheni ya mwisho, pale unapotakiwa kujivuta kupanda helikopta, zishushe hadi 30, la sivyo utabonyeza kitufe hadi uchoke na mhusika hapandi.

Nimewasha fremu 60 za kiraka cha DSfix kwenye Dark Souls. Nikiteleza kwenye ngazi napita sakafuni!

Toleo la Prepare to Die la 2012 lilitengenezwa kwa fremu 30, na mwendo wa mhusika umefungwa humo. Kwa fremu 60 hata kuruka kunapungua umbali. Shuka ngazi hatua kwa hatua, au rudi kwenye 30 kwa kitufe kilichopangwa ndani ya DSfixKeys.ini. Pia zima kilainisha kingo (anti-aliasing) ndani ya gemu yenyewe, kwa sababu DSfix haipatani nacho. Kwa maoni yetu, renderWidth na renderHeight (upana na urefu wa picha inayochorwa) ndizo faida kubwa ya DSfix kuliko hizo fremu: bila yake gemu huchora kwa 1024×720, hata skrini yako iwe kubwa namna gani.

Nimeweka DLL (faili la msimbo ambalo gemu hulitumia), sasa gemu inatoa kosa 0xc000007b.

Mara nyingi umeweka DLL ya biti 64 kwenye gemu ya biti 32, au kinyume chake. Badilisha faili.

Kwenye Linux kiraka ni kama hakipo, ingawa faili limekaa mahali pake.

Wine, programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux na ambayo Proton ya Steam imejengwa juu yake, inaweza kutumia DLL yake ya ndani na kuiruka ya kwako. Kama kiraka chako kinaitwa dinput8.dll, nenda kwenye chaguo za uzinduzi za Steam uandike:

WINEDLLOVERRIDES="dinput8=n,b" %command%

Kwa faili la jina jingine, badilisha jina hilo tu, bila kuandika “.dll”.