Kuletewa mahitaji ya kupika nyumbani: nililipia nini hasa?

Kwa miezi mitatu nililetewa mahitaji ya chakula cha jioni hapa kwangu Makorora, kila kitu kimeshapimwa: mchele, samaki aliyeparwa, nazi iliyokunwa, nyanya, vitunguu, ndimu, pilipili. Dada mmoja hapa Tanga anatangaza Wasapu. Unaagiza usiku, bodaboda anakuletea kesho. Huko Ulaya ni biashara ya makampuni makubwa. HelloFresh ilianza Berlin mwaka 2011, na boksi lao huja na barafu pamoja na karatasi ya maelekezo ya kupika. Mimi maelekezo sikuyahitaji. Nilihitaji muda. Nilikuwa natoka kazini saa kumi na mbili, na mama ndiyo kwanza ametoka hospitali, hawezi kuinama kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

Wali wa nazi na samaki wa kupaka, watu wanne: 22,000, na boda 2,000. Jumamosi moja nikaamua kuzunguka mwenyewe, samaki aina ya changu nikamnunua soko la samaki la Diipusii, vingine soko la Mgandini. Pamoja na nauli ya bajaji nilitumia 15,500. Tofauti ni 8,500. Kwa siku moja haiumi, lakini mimi nilikuwa naagiza mara tatu kwa wiki, na kwa wiki nne hiyo inapita laki.

Basi jiulize unamlipa mtu akufanyie nini. Mchele na vitunguu havilali vikaharibika, nunua vyako uweke. Kupara samaki ni kazi kweli, ila palepale sokoni wapo vijana watakaokuparia na kumtumbua kwa hela ndogo. Na ukiagiza, sisitiza kichwa kiachwe. Samaki akishakatwa kichwa huoni macho wala mashavu, sasa utajuaje kama ni wa leo?

Nazi ndiyo iliyonifundisha. Siku moja nilifungua mfuko saa moja usiku, nikaukuta una joto mkononi. Nikakamua, nikabandika tui jikoni, likakatika: mabonge juu, maji chini. Mama akaonja kwa ncha ya kidole, akatema. Usiku ule tulikula samaki wa kukaanga na ndimu. Nilipompigia yule dada akaniambia nazi ilikunwa saa tatu asubuhi. Kwa joto letu, nazi iliyokunwa ikashinda kwenye mfuko mpaka usiku, hata mtu awe msafi vipi, itachacha. Alinifidia, nazi mbili nzima, na namshukuru. Lakini toka siku ile sikupokea tena iliyokunwa.

Kama una mtoto mchanga, au una mgonjwa ndani, agiza wala usijilaumu. Wiki zile za mwanzo ile 8,500 ilininunulia saa nzima ya kukaa na mama kitandani kwake, na ningeilipa tena. Shida yangu ni kwamba mama alipopata nafuu niliendelea kuagiza kwa mazoea tu.

Siku hizi Jumamosi nanunua samaki wa wiki, nawagawa kwenye mifuko, nawaweka kwenye friza. Nazi naipitia jioni kwa muuzaji mwenye mashine, anaikuna nikiwa nimesimama pale pale. Nikifika nyumbani mama ameshaosha kung'uto. Tui anachuja yeye, hataki nimsaidie.