Kwa mnaoanza kwenye utafiti wa kitaifa wa ukatili wa kingono: fomula ya sampuli ndo kazi nyepesi

Wadogo zangu mlioingia juzi kwenye timu za takwimu, na nyie mnaotoka chuo mkiwa na eksel zenu safi, naona mkisikia tu utafiti wa kitaifa mnakimbilia kukokotoa sampuli, yaani idadi ya watu wa kuhoji. Sawa, tuimalize hiyo kwanza maana haina mambo mengi. Kama kitu unachokipima unadhani kipo kwenye asilimia 30 na unataka kosa lisizidi pointi 3 juu au chini, hesabu ya kawaida inakupa watu kama 900. Ila hutawatafuta mmoja mmoja nchi nzima, utachukua maeneo ya kuhesabia watu ya sensa alafu ndani yake kaya, na watu wa eneo moja wanafanana fanana kwahiyo unazidisha, wengi wanaweka mara 2, inakuwa 1,800, ongeza watakaokataa na wasiopatikana unagusa 2,000. Hiyo ni kwa kundi moja tu. Wasichana hao, wavulana wengine hao, na Zanzibar wakitaka namba yao wenyewe unaanza upya.

Hapo kwenye Zanzibar wageni wanashangaaga sana. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto wa 2009, ule wa serikali na UNICEF, CDC (kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani) na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulihoji vijana 3,739 wa miaka 13 hadi 24 na zaidi ya nusu yao walikuwa Zanzibar. Wakati sensa ya 2022 inaonyesha Zanzibar ina watu 1,889,773 kati ya 61,741,120. Sio upendeleo. Ukitaka namba ya sehemu isimame peke yake inahitaji watu wa kutosha, iwe ndogo iwe kubwa, alafu kwenye uchambuzi unarudisha uzito wake halisi, yaani kila sehemu ihesabike kulingana na watu wake. Na hiyo miaka 13 hadi 24 nayo ina maana yake, wa 18 hadi 24 unawauliza yaliyowapata kabla ya kufika 18, wa 13 hadi 17 ndo wanakupa picha ya miezi 12 iliyopita. Ukichanganya hayo makundi kwenye namba moja umeharibu.

Basi, hesabu zimeisha. Kazi yenyewe ni hii: unamwendea binti kwenye nyumba ambayo huenda aliyemfanyia yupo humo humo ndani, au ndo jirani anayekuonyesha njia. Mipango yote ianzie hapo, nani atajua nini, na lini.

Anza na jina. Utafiti kwa watu wa mtaani unaitwa wa afya na maisha ya vijana, basi. Mzazi ukimwomba ruhusa kwa ajili ya mtoto chini ya 18 unamwambia ni afya, elimu, maisha ya vijana, na sio uongo kwasababu hayo maswali yapo kweli kwenye dodoso. Mwenye kujibu ndo anaambiwa yote, akiwa peke yake, na hapo anaweza kusema hapana na mnaagana vizuri tu. Sasa mahali siri inapovujia ni kwenye barua. Barua inatoka wizarani inashuka mkoani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, na kila mmoja anaisoma, na juu imeandikwa kwa herufi kubwa UTAFITI WA UKATILI WA KINGONO, kufika jioni mtaa mzima unajua mmekuja kuuliza nini. Kwahiyo kichwa cha barua kikubaliwe mapema na wakubwa, wakati wa kuomba vibali, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kwa upande wa maadili, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kule Zanzibar mamlaka zao, wasisahaulike dakika za mwisho kama kawaida yetu.

Kwenye kaya moja anahojiwa mtu mmoja tu. Hata kama wapo mabinti wanne na wote wamekaa barazani wanasubiri. Ukihoji wawili, wa pili anajua wa kwanza kaulizwa nini, na baba yao naye atajua. Kwa sababu hiyo hiyo maeneo ya wanawake yanatenganishwa na ya wanaume, eneo moja jinsia moja, ili mtu asijekuulizwa na timu ile ile iliyomhoji mtu aliyemuumiza. Wahasibu wataona ni gharama maradufu, waelezeni taratibu. Na kwenye uchambuzi msisahau: binti ambaye ndo pekee wa umri huo kwenye kaya ana uhakika wa kuchaguliwa nyumba yao ikipatikana, mmoja kati ya wanne ana robo tu, kwahiyo jibu lake linapewa uzito mara nne. Nimeona watu wanaruka hii hatua kabisa alafu wanashangaa kaya kubwa zimepotelea wapi.

Mkikuta mtu hayupo mnarudi, siku nyingine, saa nyingine. Hakuna kubadilisha na jirani yake "mradi tu ni msichana wa umri huo huo", asiyekuwepo nyumbani saa nne asubuhi maisha yake sio sawa na ya aliyepo.

Mahojiano ni chini ya mwembe, nyuma ya nyumba, popote mnapoonekana ila hamsikiki. Mhojaji jinsia moja na anayehojiwa, na asitoke kata hiyo hiyo. Mtu akitokea ghafla, mama mkwe hata mtoto wa miaka mitano, mhojaji anahamia maswali ya akiba: mnalala kwenye neti? maji mnachota wapi? Hayo yawepo kwenye tableti yamekaa tayari, na kwenye trening yafanyiwe mazoezi mpaka yatoke bila kigugumizi. Faragha isipopatikana sehemu hiyo inaachwa, mnaandika imeachwa. Usilazimishe.

Maswali yenyewe yataje tendo. Ukimuuliza mtu "umewahi kubakwa?" wengi watasema hapana, hasa kama aliyefanya ni mume au mpenzi au mjomba anayelipa ada. Uliza kama kuna mtu aliwahi kumshika sehemu za mwili bila yeye kutaka, kama alijaribu kumwingilia akashindwa, kama alimwingilia kwa nguvu, kama alimtisha au kumbana mpaka akakubali, moja moja, na kila moja ulizia nani na wapi. Wavulana vivyo hivyo, msidhani wao hayawapati, mwaka 2009 Tanzania bara ilikuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na kama mvulana 1 kati ya 7 kabla ya miaka 18.

Alafu akisema ndiyo? Hapo ndo bajeti nyingi zinaonekana uchi. Kabla timu haijatoka lazima kila halmashauri iwe na orodha ya pa kumpeleka, dawati la jinsia na watoto polisi, afisa ustawi wa jamii, hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono (huduma zote sehemu moja) kama ipo, namba 116 ya watoto. Pigeni hizo simu zote wenyewe, nyingine hazipokelewi miaka. Aliyefanyiwa juzi anatakiwa afike hospitali ndani ya saa 72 kwa dawa za kuzuia VVU, kwahiyo gari na nauli ziwe zimepangwa, sio "tutaona tukifika". Karatasi anayobaki nayo ichanganye huduma nyingi, malaria, uzazi, kliniki, isije ikamsaliti ikikutwa chini ya godoro.

Wahojaji nao ni binadamu. Kati ya mabinti mnaowaajiri wapo yaliyowapata hayo hayo, waambieni mapema kazi ni ya nini na anayetaka kutoka atoke bila kukatwa posho, na mshauri awe anaongea nao jioni.

Mwisho wa yote ni siku ya kutangaza. Kubalianeni mapema namba zinasomwaje, kwasababu Zanzibar 2009 waliofanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18 walitoka wasichana asilimia 6 na wavulana 9, na mwandishi wa habari ataondoka na kichwa chake kabla hamjamwonyesha kosa la makadirio, ile juu au chini. Kenya nao 2010 walipata wasichana 32 kati ya 100 na 2019 wakapata kama 16, swali la kwanza mtakaloulizwa kwenye namba ya namna hiyo ni kama maswali yalikuwa yale yale, kwahiyo dodoso la zamani liwe mezani. Na mtu akikuletea kesi za polisi aseme mbona ni chache kuliko zenu, mwonyeshe ni wangapi kwenye data yenu walisema hawakumwambia mtu yeyote.