Dakika 22

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza, "Mama, uliwezaje kukaa kiwandani miaka 17 bila kuchoka?" Halafu chini kabisa, kama mtu anayeficha deni, umeandika kwamba kila Jumatatu unalia bafuni kabla ya kwenda kupokea simu za wateja.

Nani alikwambia sikuchoka? Mwili uliochoka hulala, moyo uliochoka hukesha. Neno hilo mmelisikia tangu wadogo mkadhani ni la bibi yenu. Ni langu, nililipata mwaka 1986, na kisa chake sijawahi kuwasimulia chote.

Kaka yako alikuwa na miezi minne. Nilikuwa zamu ya pili, ya alasiri hadi usiku, nasimamia mashine sita za kufuma, katika kelele zilizonipa haya masikio mnayoyalalamikia redio ikipiga juu. Bibi yako alikuwa akimleta mtoto getini saa moja jioni, nanyonyesha, narudi. Siku hiyo nyapara akakataa. Uzi ulikuwa mbovu, unakatika kila mara, na mita za kitambaa za zamu zilikuwa hazijatimia. Maziwa yakanivuja mpaka koti la kazi likanata kifuani, mbele ya wanaume. Mama mmoja wa Kiluguru wa mashine za jirani akaniona. Mle ndani tulisemeshana kwa midomo na vidole. Yeye alinyoosha kidole mlangoni tu, kisha akaja kusimama katikati ya mashine zake na zangu. Kumi na mbili. Nikakimbia.

Kesho yake nyapara akafungua daftari mbele ya zamu nzima akasoma: dakika 22, hayupo kwenye mashine. Hata jina langu hakulitaja, alisoma namba ya kadi. Bonasi ya mwezi ikaenda. Pesa nilishazisahau. Dakika 22 sijazisahau, maana hakuna mashine hata moja iliyosimama, na hilo hakuliandika. Usiku ule nililala kitandani macho makavu hadi adhana ya alfajiri, na mwili ulikuwa umechoka kuliko siku zote.

Baba yako alikuwa akinambia, nyapara yule naye alikuwa na wakubwa wake. Ni kweli. Spea hakuna, umeme unakatika, meneja anamdai mita. Nimejaribu miaka yote hii kumwonea huruma. Kisha nasikia kilio cha kaka yako pale getini, na huruma inakatika.

Ilipokuja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mimi nilishapunguzwa kazi tangu 1996, viwanda vilipokuwa vikibinafsishwa. Imeandikwa humo kwamba anayenyonyesha apewe nafasi, hadi jumla ya saa mbili kwa siku. Dakika 120, mwanangu! Nilikaa na karatasi ile mkononi mpaka chai ikapoa.

Sasa hilo la daktari wako. Amekwambia uchovu wa namna yako una jina, na kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha yake ya magonjwa, ila si kama ugonjwa: ni jambo la kazini, litokanalo na msongo wa muda mrefu usioshughulikiwa. Dalili zake nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona huwezi tena unachokiweza. Kama jambo ni la kazini, dawa yake itafutwe kazini. Mbona ofisi yenu inawapa fulana na keki ya siku ya afya ya akili, na mwalimu wa kuwafundisha kuvuta pumzi, kisha mnarudi kwenye skrini inayohesabu sekunde za kila simu na dakika za chooni? Daftari hilo nalijua. Limebadilika sura tu.

Lakini nami nisijidanganye. Tulipofungiwa geti nililia, tena sana, na kiwanda chenyewe nilikuwa sikipendi. Niliwalilia wale wanawake wa zamu yangu, upatu wetu wa kila mwezi, khanga tulizonunua sare. Ndiyo maana nauliza nisichoulizwa: hapo ulipo, nani anakushikia mashine? Ukitoka ukalie bafuni, yupo anayesimama katikati ya simu zake na zako? Kama yupo, jambo ni moja. Kama hayupo, mwili uliochoka hulala, moyo uliochoka hukesha, na wewe naona unakesha.

Neno unalotaka nilitamke limenifika ulimini mara mbili nikiandika barua hii. Nimelimeza, na halikumezeka vizuri. Kodi ya Sinza unalipa wewe, na ada ya mdogo wako nusu ni yako. Siwezi kuliamua kutoka huku Morogoro.

Ila hili naliuliza kwa ukali: katika siku zako 28 za likizo umebakiza ngapi? Zote, najua. Waandikie leo. Chukua treni ya SGR ya Ijumaa jioni, kaka yako atakusubiri stesheni. Chumba chako kina magunia ya mpunga, nitayatoa.

Mama yako