Kisipi kimepona, maumivu yamebaki: kabla hujalipia mashine ya sumaku

Kwa miezi saba sikuvaa gomesi, lile vazi letu la kina mama wa Uganda linalofungwa mshipi kiunoni. Nilishinda dukani na gauni pana, nimelishika kwa vidole viwili ubavuni kulia ili lisiguse ngozi, mkono wa pili ndio unapima vitambaa. Mteja akiuliza nina nini, nasema nimeteguka. Feni niliizima, maana upepo wake ukinigusa ubavu ulichoma kama mafuta ya moto. Na ngozi yenyewe ilikuwa imeshapona! Ukiitazama huoni kitu ila mabaka machache meusi, kuanzia chini ya titi hadi mgongoni.

Hapa Bombo, Uganda, wengi wanauita ugonjwa huu kisipi, kwa Kiganda. Waswahili wanasema mkanda wa jeshi. Naandika kwa ajili ya yule ambaye upele umekwisha, maumivu hayajaisha, na sasa mtoto wake ameona kwenye simu habari za mashine ya kuchochea ubongo kwa sumaku, naye yuko tayari kuuza ng'ombe ampeleke. Mimi nimekaa chini ya mashine hiyo mara kumi. Imenisaidia. Lakini ingenilia pesa bure kama ningeanzia hapo.

Anayeleta kisipi ni kirusi cha tetekuwanga, ile ile uliyougua utotoni. Ukipona hakitoki mwilini, hujificha kwenye mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo. Kinga ikishuka kinaamka na kufuata neva yake hadi kwenye ngozi, ndiyo maana upele hukaa upande mmoja tu. Vidonge vya asiklovia hufanya kazi vizuri zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokeze. Mimi nilikwenda siku ya pili. Kliniki niliyoingia wakaniambia ni mzio, wakanipa losheni, na niliporudi siku ya sita muda ulikuwa umepita. Kwa hiyo ukiona malengelenge yamejipanga upande mmoja wa mwili, uliza kwa mdomo wako: je, si kisipi hiki? Yakiwa karibu na jicho, usilale nyumbani siku hiyo.

Kuna aibu pia, na lazima niiseme. Sisi wa umri wangu tunakumbuka miaka ya 1980 na 1990: mtu akitokwa na kisipi, majirani wananong'ona silimu, yaani ukimwi. Ni kweli kisipi huwapata zaidi wenye VVU, basi kapime, mimi nilipima. Ila umri peke yake unatosha kukileta, na ukivuka miaka 50 hatari inaongezeka. Mimi nilijifungia ndani kwa kuogopa midomo ya watu, na siku hizo sitazipata tena.

Maumivu yakipita miezi mitatu, jua kwamba neva yenyewe imeharibika, na panadol haitaifikia. Aliyenielewa ni muuguzi wa tiba shufaa. Watu hudhani hao ni wa wagonjwa wa saratani tu, lakini maumivu ndiyo kazi yao, na Uganda tuna bahati nao: Hospice Africa Uganda, kituo cha tiba hiyo, ilianzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuandika mofini, dawa kali ya maumivu. Kwangu hakuanza na mofini. Alinipa amitriptilini, dozi ndogo ya usiku, baadaye akaongeza gabapentini polepole. Kinywa kilikauka, asubuhi niliamka mzito kama gunia la mchele. Wiki ya tatu nikalala saa nne mfululizo. Akaniambia ninunue daftari, kila jioni niandike maumivu ni mangapi kati ya kumi. Yalikuwa tisa, yakafika saba, yakagoma hapo.

Hapo ndipo daktari wa neva akataja sumaku, nami nikapanda basi la usiku kupitia Busia hadi Nairobi, nikafikia kwa binamu yangu Kibra. Dada yangu alilia. Alidhani ninakwenda kupigwa ile shoti ya umeme wanayopewa wagonjwa wa akili. Siyo hiyo. Hulazwi, hupewi nusu kaputi, unakaa kwenye kiti ukiwa macho. Mashine ya namna hii ilionyeshwa na Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Umeme ukipita ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa, hutoa nguvu ya sumaku inayovuka fuvu na kuziamsha seli za ubongo zilizo chini yake. Wanalenga sehemu inayoendesha viungo, kwa sababu madaktari wa Japani, Tsubokawa na wenzake, walishaonyesha mwaka 1991 kwamba kuichochea sehemu hiyo kwa waya zilizopandikizwa kichwani kunaweza kupunguza maumivu sugu. Sumaku inatafuta matokeo hayo bila kisu.

Kijana wa mashine alinivalisha kofia ya kitambaa, akasogeza koili yenye umbo la namba 8 upande wa kushoto wa kichwa, maana maumivu yangu yako kulia, na ubongo wa kushoto ndio unaoendesha upande wa kulia. "Mama, tulia, nautafuta mkono wako," akasema. Ta. Akasogeza kidogo. Ta. Mara kidole gumba cha mkono wa kulia kikaruka chenyewe juu ya paja, sijakituma. Nikasema bismillahi kwa sauti. Akaweka alama kwa kalamu, akapunguza nguvu mpaka kidole kikatulia, ndipo tiba ikaanza: mapigo kumi kwa sekunde, kwa sekunde chache, kisha kimya, kisha tena, kama dakika ishirini. Ni kigong'ota juu ya mti, na mti ni wewe. Dai vizibo vya masikio, mlio ni mkali.

Siku nne za kwanza sikupata kitu ila kichwa kuuma. Siku ya sita jioni, mjukuu wa binamu yangu aliniegemea ubavu wa kulia tukitazama televisheni. Alikaa hapo hadi taarifa ya habari ikaisha, ndipo nikatambua ni ubavu gani ameuegemea. Usiku ule niliandika nne.

Niliporudi Bombo, wiki ya tano daftari likasoma tano, kisha sita. Nafuu ya sumaku hufifia, hurudiwa. Anayekuahidi kwamba inaponya neva, shika mkoba wako utoke. Wataalamu wa Ulaya waliopima ushahidi mwaka 2014, na tena 2020, waliipa daraja la juu kabisa kwa maumivu ya neva, lakini wengi waliochunguzwa hawakuwa wagonjwa wa kisipi. Mama mmoja wa Eldoret tuliyekuwa tukikaa naye benchi alimaliza siku zake kumi bila nafuu yoyote. Kwa hiyo hesabu nauli, malazi na siku za duka kufungwa kabla ya kuuza ng'ombe, na uliza kurudia kutagharimu kiasi gani.

Sema mapema kama una chuma kichwani, kifaa cha kusaidia moyo, au uliwahi kuanguka kifafa. Taja dawa zote unazomeza, amitriptilini ikiwemo, kwa sababu baadhi huongeza uwezekano wa degedege. Usiziache kwa uamuzi wako.

Ipo pia mashine ndogo ya umeme: sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi huwekwa kichwani, umeme mdogo wa miliampia mbili hupita kwa dakika ishirini. Ni nafuu kwa bei, na ushahidi wake ni hafifu kuliko wa sumaku. Mpwa wangu alitaka kunitengenezea kwa betri ya redio. Nilimkatalia, nawe mkatalie wako, maana ngozi ya kichwa inaweza kuungua na huna cha kukuonyesha ni umeme kiasi gani unapita.

Naendelea na amitriptilini, na naweka akiba ya safari ya pili. Gomesi nimelivaa mara mbili tangu nirudi. Mara ya kwanza nilikaa nalo hadi jioni. Mara ya pili, kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, ya binti wa jirani, nililivua kabla ya chakula, nikaandika sita.