Ule weupe matawini ni theluji?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimepewa kalenda yenye picha iliyoandikwa Pissarro, Pontoise, 1877. Mume wangu anashikilia kwamba miti ile imefunikwa na theluji. Mimi naona maua. Ila nikisogea karibu sioni ua hata moja, ni madoa tu, kama mtu amefutia brashi. Ni uchapaji mbovu au ndivyo ilivyochorwa? – Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba, mama. Ni maua. Hiyo ni bustani ya mboga na miti ya matunda, majira ya kuchipua, katika mji wa Pontoise kando ya mto Oise, kaskazini-magharibi mwa Paris. Mwonyeshe mzee kijani cha mboga pale chini: theluji gani inatua matawini tu, ardhi ikaisamehe? Miti ya matunda ya huko hupukutisha majani wakati wa baridi, kisha mingi huchanua kabla majani hayajachipua, kama mifyulisi ya hapo kwenu.

Mchapaji msimlaumu. Camille Pissarro hakuchora ua mojamoja. Alibandika rangi ya mafuta nzito, doa juu ya doa, nyingine akiziacha ubavuni mwa wenzake bila kuzikoroga. Ukirudi nyuma hatua chache, jicho lako ndilo linalozichanganya. Tazama pia mapaa yanavyochungulia katikati ya matawi. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wa picha: kijiji kizima kipo nyuma ya maua, na huwezi kukiona vizuri.

Na hilo la kufutia brashi hukulianza wewe. Mwaka 1874, Waimpreshonisti, yaani kundi la wachoraji alimokuwa Pissarro, walipofanya maonyesho yao ya kwanza Paris, mwandishi Louis Leroy aliikejeli picha ya Pissarro ya shamba lenye sakitu, akaiita makwangu ya kibao cha kuchanganyia rangi. Pissarro hakutishika, yalifanyika maonyesho 8 hadi 1886, na ni yeye peke yake aliyeshiriki yote. Mwaka uleule wa 1877, rafiki yake Paul Cézanne naye aliichora bustani hiyohiyo.

Picha yenyewe iko jumba la makumbusho la Orsay, Paris, upana wake sentimita 81 hivi. Kalenda imeipunguza na kuulaza ule unene wa rangi. Mwaka ukiisha ikate uitie kwenye fremu, ila usiiweke panapopigwa na jua; wino wa kalenda hupauka upesi.