Wanaojitolea Wakiondoka, Pampu Hubaki na Nani?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji chetu. Miaka mitatu iliyopita vijana wa kujitolea kutoka nje walitufungia pampu ya mkono aina ya Afridev, nasi tukaipokea kwa ngoma na vigelegele. Huu ni mwezi wa tano haitoi maji ya maana, na akina mama wamerudi mtoni. Sasa kikundi kingine kimetuandikia kikiomba kuja kwa wiki tatu kutujengea darasa. Wazee wanasema mgeni hakataliwi, ilhali vijana wanasema wamechoshwa na ahadi. Tuwajibuje?

JIBU: Ndugu Katibu, kabla ya kuijibu barua hiyo, ifungueni kwanza pampu yenu. Afridev ilibuniwa miaka ya 1980 kwa kusudi hasa la kuhudumiwa na wanakijiji wenyewe: kwa spana moja kifuniko hufunguka, mpini hutolewa, na vyuma vya kuvutia huchomolewa kimoja baada ya kingine kwa mikono, bila kung'oa bomba lililomo kisimani. Mpini ukipigwa mara nyingi ndipo maji yaanze kuja, ishukuni vali ya chini, yaani kile kizuizi kilicho mwisho wa bomba kinachozuia maji yasirudi kisimani. Yakija haraka lakini kidogo kidogo, kishukuni kimpira cha pistoni, kitu kinachoenea kiganjani na ambacho tangu mwanzo kilikusudiwa kulika na kubadilishwa. Kama maji yenyewe yameshuka, hilo ni jambo la kisima, na spana haitasaidia.

Ninyi si wa kwanza kufikwa na haya. Mwaka 2009 mtandao wa maji vijijini unaoitwa RWSN ulitoa makadirio ya nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara, yakionyesha kwamba takriban pampu 36 katika kila 100 zilikuwa hazifanyi kazi. Kisa huwa ni kilekile: vipuri havipatikani karibu, mfuko wa kamati ni mtupu, na aliyejua kuifungua pampu alikwisha panda gari akaenda zake.

Kuhusu wiki tatu, nitasema wazi kwamba zinanitia shaka. Peace Corps, shirika ambalo Marekani ililianzisha mwaka 1961 na ambalo makundi yake ya mwanzo yalikuja Ghana na Tanganyika mwaka huohuo, huwataka watu wake wakae takriban miaka 2, baada ya mafunzo ya miezi kadhaa yanayojumuisha lugha ya wenyeji. Sisemi kwamba ujio mfupi hauna faida. Fundi pampu mzoefu anaweza kuwafundisha watu wanne kazi yake katika muda huo, na ujuzi huo ukabaki kijijini. Lakini kijana ambaye hajawahi kushika mwiko akipandisha ukuta wa darasa huku waashi wenu wamekaa kivulini wakimtazama, hapo pana kasoro. Wazee wenu wanaijua methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika miradi ya namna hii mgeni hushika jembe tangu siku ya kwanza, na mwenyeji ndiye anayebaki mikono mitupu.

Kwa hiyo msiwakatalie wala msiwakubalie, bali waandikieni kuwauliza wanaokuja wana fani gani, ni fundi yupi wa hapo kijijini atakayefanya kazi bega kwa bega na kila mmoja wao, na nani atakayelipia mabati yakiezuliwa na upepo mwaka ujao. Waulizeni pia kama fedha za ujenzi zinaweza kugeuzwa kuwa mafunzo ya mafundi pampu na akiba ya vipuri, kwa sababu huo ndio uhitaji wenu wa leo. Kama wataomba nguvu kazi ya kila kaya, watajieni tarehe za baada ya palizi.

Mkifikia hatua ya kuchagua wa kufundishwa, nashauri angalau wawili wawe wanawake wanaoteka maji kila siku, maana wao ndio huhisi mpini umeanza kuwa mwepesi wiki kadhaa kabla kamati haijapata habari. Barua isomwe katika mkutano wa kijiji kabla haijatumwa, na nakala yake ibaki kwenye jalada lako.