Gego limeng'olewa: nisubiri dawa ya kuotesha meno?

SWALI: Daktari, nina miaka 41 na mwaka jana niling'olewa gego la chini. Nimeshauriwa niweke kipandikizi (jino la bandia linaloshikiliwa na skrubu iliyopandikizwa kwenye mfupa wa taya), lakini nimesoma kwamba Wajapani wamepata dawa ya kuotesha meno upya. Je, nisubiri? Na meno ya utotoni ya mwanangu yanayong'oka sasa, nilipie yahifadhiwe kwa ajili ya seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine?

JIBU: Usisubiri. Dawa uliyoisoma ipo kweli, ila haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa hali yako.

Ni kingamwili inayozuia protini iitwayo USAG-1. Protini hiyo hukandamiza ishara mbili za mwili, BMP na Wnt, ambazo huamuru jino lianze kuumbika. Mwaka 2021 kundi la Katsu Takahashi, mtafiti wa meno wa Japani, lilionyesha kuwa protini hiyo ikizuiwa, panya waliozaliwa na upungufu wa meno huyaota. Fereti, mnyama mdogo anayefanana na nguchiro, naye akaota jino la ziada la mbele, na huyo ana uzito zaidi kwetu, kwa kuwa hubadili meno mara moja maishani kama sisi. Mwaka 2024 majaribio kwa binadamu yakaanza katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa wanaume 30 waliopungukiwa na meno. Hatua hii ya kwanza kazi yake kuu ni kupima usalama. Inayofuata imekusudiwa watoto waliozaliwa bila meno kadhaa, na watafiti wanatumaini dawa itapatikana karibu na mwaka 2030.

Dawa hii haiumbi jino kutoka patupu. Inaamsha kichipukizi cha jino ambacho tayari kimo tayani lakini kimekwama. Kichipukizi chako hakikukwama. Kilikua kikawa lile gego lililong'olewa. Takahashi anaamini kila mtu amebaki na vichipukizi vya awamu ya tatu ya meno, baada ya yale ya utotoni na ya ukubwani, na huenda yuko sahihi. Hata hivyo, kikiamka, nani atakiagiza kiote penye pengo lako, kwa umbo la gego wala si la chonge? Hapo ndipo shauku yangu ya kidaktari ilipo, na hapo ndipo vichwa vya habari hunyamaza.

Wengine wanajaribu kulijenga jino tangu mwanzo. Jino huzaliwa pale seli za aina mbili zinapopashana habari: za utando wa juu, zinazotengeneza enameli (ganda gumu la nje la jino), na za tishu iliyo chini yake, zinazotengeneza dentini (sehemu ngumu iliyo chini ya enameli) na nyama ya ndani ya jino. Mwaka 2009 watafiti wa Japani waliunganisha aina zote mbili kutoka viinitete vya panya, wakazipandikiza kwenye taya la panya mzima. Jino likachomoza, likatafuna, hata likahisi maumivu. Kwa mtu mzima, seli za aina ya pili tunazipata. Za kwanza hatunazo, kwani zilizotengeneza enameli yako zilipotea meno yalipochomoza. Ndiyo sababu enameli ikishatoboka, mwili hauwezi kuiziba.

Wakati huo wote pengo lako halitulii. Mfupa wa taya hupungua pasipo na mzizi, gego la juu huanza kushuka, na majirani huinamia nafasi iliyoachwa. Ukikaa miaka kadhaa, kipandikizi kinaweza kuhitaji kwanza kuongezewa mfupa. Kama hutaki kipandikizi, daraja (jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno jirani) au jino la bandia la kuvaa na kuvua linatosha kuilinda nafasi.

Kuhusu mwanao: seli shina zimo kweli katika meno ya utotoni, zilielezwa mwaka 2003. Mwaka 2018 watafiti wa China walizitumia kuhuisha meno ya mbele ya watoto yaliyokufa baada ya kuumia. Mizizi ikaendelea kurefuka, na hisia zikarudi. Lakini hilo lilikuwa kurudisha uhai ndani ya jino lililopo, na hakuna tiba iliyoidhinishwa ya kuotesha jino zima kutokana na seli hizo. Isitoshe, jino linalong'oka lenyewe huwa na nyama kidogo sana iliyobaki ndani. Ningekuwa wewe, fedha hiyo ningeipeleka kwa daktari wa meno ayapake magego yake mapya ya ukubwani kinga ya kuziba mifereji ya sehemu yake ya kutafunia, maana huko ndiko meno ya watoto huanza kuoza.